Msinunue kitalu nyumba kwanza

Mpendwa Mama Neema,

Salamu nyingi kutoka Iowa. Sisi hatujambo, baridi tu ndiyo haitaki kwisha. Nimesikiliza ujumbe wako kuhusu zile ekari mbili mlizokodi. Hongereni sana! Ila uliposema Baba Neema anataka kuagiza kitalu nyumba wiki ijayo, nikaona heri nikuandikie upesi.

Mwambie asubiri. Serikali ya hapa Marekani ina mpango unaoitwa EQIP ambao unaweza kuchangia gharama za kitalu nyumba, lakini kwa kawaida haulipii kazi iliyoanza kabla ya mkataba kusainiwa. Mkishachimbia nguzo, basi.

Nendeni kwanza ofisi ya FSA, wakala wa serikali wa kuhudumia wakulima, ya kaunti yenu, mkaombe namba ya shamba. Ni bure. Chukueni vitambulisho, namba za Social Security na mkataba wa kukodi ulioandikwa. Maneno ya mdomo na mwenye shamba hayatawasaidia pale. Kisha waoneni NRCS, idara ya serikali inayosimamia EQIP, mara nyingi wako jengo hilohilo. Hao ndio watu wa udongo. Idara yao ilianzishwa 1935, enzi upepo unapeperusha mashamba ya Oklahoma na Kansas, kwa hiyo wanaangalia ardhi kabla ya mboga. Aliyekuja kwangu alichimba kwa sepeto, akavunja bonge kiganjani, akatafuta minyoo na kunusa. Halafu akaona mchicha wangu, akanitazama. Huku wenye mahindi na soya wananunua dawa kuua magugu ambayo ni ndugu zake mchicha, mimi naupalilia na kuuza kwa mafungu! Tulicheka sana.

Waambieni ninyi ni wakulima wanaoanza. Asiyezidi miaka 10 kwenye kilimo huhesabiwa hivyo, na mchango wa serikali unaweza kufika asilimia 90. Fedha hutoka kazi ikishakaguliwa, ila anayeanza anaweza kuomba angalau nusu mapema ya kununulia vifaa. Hilo liulizeni wenyewe, msingoje kuambiwa. Ulizeni pia tarehe ya mwisho katika jimbo lenu, maana maombi hushindanishwa kwa alama na si kila mtu hupata.

Mtasikia pia habari za CRP, mpango mwingine wa serikali. Majirani zangu wamo: wanalipwa kila mwaka, kwa mkataba wa miaka 10 hadi 15, wapande nyasi na waache kulima. Nilipomsimulia mama kule Kigoma alidhani namtania. Kwa ekari zenu mbili, hiyo iacheni.

FSA wana mikopo midogo pia, hadi dola 50,000. Mimi ningengoja mpaka mjue soko lenu. Deni halijui kama mvua ya mawe imepiga.

Tafadhali msimpeleke Neema akawe mkalimani, mtoto ana shule yake. Mkishakaa mezani nipigieni, nitatafsiri kwa simu. Mbegu za matango na bamia nakutumia kwa posta wiki hii.

Wako,
Mama Baraka