Ukumbi wa shule ukikodishwa, viti navyo vihesabiwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache kuhusu miradi ya kuziongezea kipato shule za sekondari za umma. Nimekuwa mjumbe wa bodi ya shule moja kwa miaka sita. Kila kikao tulisomewa mapato ya ukumbi, na kila kikao tulipiga makofi. Hasara ya ukumbi hatukusomewa hata mara moja.

Jumatatu moja nilifika shuleni mapema. Jumamosi yake palikuwa na harusi. Wanafunzi wa kidato cha pili walikuwa wanabandua utepe ukutani na kuzoa chupa, na kijana mmoja amepiga magoti anafunga mguu wa kiti kwa waya. Kengele ya kipindi cha kwanza ililia, wao bado wamo ukumbini. Nikaomba tuhesabu viti. Vilinunuliwa 200, vilivyokalika vilikuwa 141. Tulipojumlisha gharama ya kununua vingine 59, umeme, maji ya vyoo na malipo ya mlinzi wa usiku, tukaona wazi kwamba shule ndiyo iliyokuwa ikiwachangia wenye sherehe.

Sisemi ukumbi ufungwe. Jengo linalokaa tupu jioni na likizo nzima linaweza kuisaidia shule, na bajeti ya serikali mara nyingi huishia kwenye mahitaji ya lazima. Ninachotaka ni hesabu kamili. Anayekodi aweke dhamana kabla ya kukabidhiwa funguo. Viti na taa vikaguliwe naye akiwepo, kabla na baada. Usafi alipie yeye, usiwe adhabu ya watoto wa watu. Katika kila kodi, fungu la uchakavu litengwe na lisiguswe kwa jambo lingine. Kinachobaki hapo ndicho tukiite mapato.

Miradi ya kuku nayo ina ugonjwa wake, nao ni kalenda. Kuku wa nyama huchukua wiki sita hivi hadi kuuzwa. Vifaranga wakiingizwa wiki nne kabla ya kufunga shule, nani atawalisha likizo? Nimeona banda zima likiteketea kwa sababu hiyo tu. Miti ya mbao haijui likizo, japo inataka subira ya miaka. Eneo la kusimika mnara wa simu huleta kodi bila mwanafunzi kukosa kipindi, ila mkataba wake ni wa miaka mingi. Usomwe na mwanasheria kabla mkuu wa shule hajatia saini.

Kuhusu nguvu ya wanafunzi, nina mfano ninaoupenda. Mwaka 1965, huko Serowe, Botswana, Patrick van Rensburg, mwalimu kutoka Afrika Kusini, alianzisha kikosi cha vijana waashi. Walijifunza kujenga, na kazi zao za ujenzi zikasaidia kulipia mafunzo yao. Kijana akitoka pale ana ufundi mikononi. Wetu wa Jumatatu ile alitoka na nini? Mradi unaotumia jasho la mwanafunzi umfundishe kitu, hata kama ni kushika daftari la mauzo na kujua faida inavyopatikana, na usile saa zake za darasani.

Jambo la mwisho ni fedha zenyewe. Zikiingia kwenye kapu moja na matumizi ya kila siku, huyeyuka. Chaki, mafuta ya gari na posho za vikao huzimaliza bila mtu kuiba hata senti. Bodi yetu sasa imezifungulia akaunti yake na kuzipangia kazi moja: darubini 12 za maabara. Tumefikia 5. Hesabu hubandikwa kila mwezi kwenye ubao wa matangazo, karibu na lango. Juzi nilimkuta mama mmoja amesimama pale na mkoba begani, akiifuata kwa kidole mstari kwa mstari. Alipofika kwenye fungu la uchakavu akaniita, akataka nimweleze ni la nini.

Mjumbe wa bodi ya shule