Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Majirani Zetu wa Honduras

Ndugu wanachama,

Shikamooni wazee, vijana, habari za jioni. Hesabu atazisoma mweka hazina baada yangu, na ukumbi umeshalipiwa mpaka Juni. Mimi nina jambo moja tu: wageni wetu kutoka Honduras.

Nianze na aibu, tena yangu mwenyewe. Mlipotutuma tuzipokee familia zilizohamia jirani nasi hapa mtaa wa Gulfton, kamati ilipika pilau na kutundika kitambaa chenye maneno ya Kihispania: "Karibuni ndugu zetu wa Meksiko." Niliyeidhinisha ni mimi. Wageni walisoma, wakatabasamu, wakala. Kisha kijana mmoja akanivuta pembeni: "Don, sisi ni catrachos." Na sisi ndio tunaonuna hapa Houston tukiulizwa kama Afrika ni nchi moja! Catracho ndivyo Wahonduras wanavyojiita, jina lililotokana na Jenerali Xatruch, aliyepigana na Mmarekani William Walker alipojitwalia Nikaragua miaka ya 1850.

Kosa jingine lilikuwa la daftari. Mhonduras ana majina mawili ya ukoo, la baba likitangulia na la mama likifuata. Sisi tuliandika la mwisho tu, kwa hiyo kwenye daftari letu baba na mwanawe wakawa hawajuani. Katibu ameandika upya.

Wengine wako Marekani tangu kimbunga Mitch cha 1998, kwa hifadhi ya muda, yaani ruhusa ya kuishi na kufanya kazi nchini, ambayo serikali ilitangaza Julai 2025 kuifuta. Wenye hofu hiyo tuwaelekeze kwa wanasheria, tusiwape ushauri wa vijiweni. Wengine walisombewa nyumba katika bonde la Sula mwaka 2020, vimbunga Eta na Iota vilipofuatana ndani ya Novemba moja. Na wapo waliokimbia magenge yanayodai kodi kwa wenye vibanda na madereva wa mabasi. Waliotoka Kivu mlielewa kabla sijamaliza kueleza.

Lakini kilichotuunganisha ni msiba. Familia moja ya Wagarifuna ilifiwa na bibi yao huko pwani ya Honduras. Hawa ni kizazi cha Waafrika na wenyeji wa kisiwa cha St. Vincent, ambao Waingereza waliwahamisha kwa nguvu mwaka 1797 na kuwatupa Roatán. Tulikwenda na bahasha ya rambirambi, tukidhani tutakaa dakika kumi. Tukaambiwa turudi usiku wa tisa, ndio wa kumaliza matanga. Tukakuta sala, hadithi, kahawa, na ngoma ya punta ikichezwa mpaka alfajiri. Baadhi yenu mlikunja uso: kucheza msibani? Mwenzetu Mgiriama akawajibu kwamba kwao Kilifi ngoma ya kifudu hupigwa matangani, na hakuna anayemwambia mfiwa hana adabu.

Jikoni kulikuwa na kinu, kinu hasa, cha gogo. Mama mmoja wa huko alikuwa akitwanga ndizi za kuchemsha za hudutu, chakula cha Wagarifuna, huku samaki akitokota kwenye tui la nazi. Bi Mkubwa wetu wa Tanga alimtazama kidogo, akavua viatu, akajifunga kanga, akapokea mchi bila kuuliza. Hawakuwa na lugha moja. Walipokezana mpaka ndizi zikalainika, na nilichokisikia kwa Bi Mkubwa ni "mwanangu, usilaze mchi." Mikutano yetu mitatu ya "kujenga uhusiano" haikufikia hapo, na nasema hivyo nikijua niliiongoza mimi.

Mwaka ujao, badala ya kuwaalika tu, kamati inapendekeza tuwaazime viti kwa sherehe yao ya uhuru, Septemba 15, na twende kama wageni. Watapika baleada, ambazo watoto wetu wanaziita chapati za kukunja maharage.

Mwisho, kinu kile tuliazimwa kwa ajili ya Idi na bado kiko kwa Bi Mkubwa. Wenyewe wanakihitaji Jumamosi. Mwenye pikapu amwone katibu kabla hajatoka.