Mashine ilivuka mpaka, fundi akarudishwa

Mhariri,

Habari za kazi. Mimi ni mfugaji wa kuku tu huku Arusha, ila kuna jambo limenikaa rohoni nikaona niliseme hapa.

Mwaka jana nilinunua Nairobi mashine ya kutotolesha vifaranga, ya mayai 500 na kitu, na kusema kweli mzigo haukunisumbua hata kidogo, thamani haikufika dola 2,000 na mashine imetengenezwa Kenya kwahiyo ikapita na kile cheti rahisi cha uasilia, ushuru wa forodha sifuri, jioni iko nyumbani. Nikasema kumbe hii Afrika Mashariki ipo kweli bwana.

Haikukaa sana ikaanza kuzingua. Joto linatakiwa 37 na nusu, yenyewe inapanda mpaka 40 halafu inajizima, na ndani kuna mayai ya siku ya 12. Nikapiga simu, waranti bado ipo, jamaa wakamtuma fundi asubuhi ileile. Kufika mpakani (sitautaja ni upi) anaulizwa unaenda kufanya nini, na yeye kwa ukweli wake akajibu naenda kutengeneza mashine ya mteja. Hapo ndo akaharibu. Hiyo ni kazi, kibali kiko wapi? Akarudi na begi lake la spana. Angesema anaenda kumsalimia shangazi yake angepewa hadi miezi 6, maana Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2010 inamruhusu. Mayai nikafukia yote, harufu yake siwezi kuielezea.

Afisa simlaumu sana, kwa alivyomwona, mtu ni mgeni au ni wa ajira, huyu wa siku moja mwenye karatasi ya waranti mkononi hakujua pa kumweka. Marekani, Kanada na Meksiko hili waliliona mapema, kwenye NAFTA, mkataba wao wa biashara wa 1994, waliandika kabisa kwamba fundi wa muuzaji anayekuja kufunga au kurekebisha mashine kwa mkataba wa waranti anaingia kama mgeni wa biashara, habari ya kibali cha kazi haipo, na mkataba wao mpya wa 2020 umekibakiza kifungu hicho.

Najua nitaambiwa nataka wageni wachukue kazi za vijana wetu, na ile amri ya 2025 iliyowazuia wageni kutengeneza simu na kufungua saluni mimi sina ugomvi nayo. Lakini anayefungua kibanda mjini na anayekuja asubuhi akaondoka jioni wanafananaje jamani?

Majirani zangu wawili walikuwa wameshachanga hela za mashine kama yangu, wameghairi, wananiuliza ikiharibika nani atakuja, na ushuru sifuri haujibu swali hilo. Yangu nimeifunika turubai stoo, waranti inaisha mwezi wa 12.

Mfugaji, Arusha