Nyie mnaokuja Moshi Desemba, kuwaletea wazazi makochi basi

Marahabani wote, najua mmeshaanza kuniamkia hata hamjamaliza kusoma. Mi ni babu yenu wa huku Uru, nina miaka 76, ujana wangu nilikuwa mgumu, nimebeba mizigo ya wageni mlimani miaka 22, kwa hiyo nikiongelea miguu jueni naongelea kitu nachokijua.

Mwaka juzi mwanangu alinishushia kochi. Zuri kweli, ukikaa unazama, akaniambia baba umehangaika sana, sasa kaa upumzike. Nami nikapumzika. Majani ya ng'ombe akawa anakata kijana, dukani anatumwa bodaboda, hata kanisani nikawa napakiwa kwenye gari ya jirani na wala sio mbali, tulikuwa tunaenda kwa miguu miaka yote hiyo mvua jua. Ilipofika Pasaka nikawa sitoki kwenye lile kochi mpaka nivutwe mikono miwili kama gunia la mahindi!! Nikajua magoti yamekufa, kumbe sio magoti, mapaja ndo yalikuwa yameisha.

Binti wa mazoezi ya viungo aliyenihudumia akaniambia kule Marekani, 2007, walichukua wazee wazima kabisa hawaumwi kitu, wakawalaza kitandani siku 10 tu, na miguu yao ikapoteza karibu kilo nzima ya nyama. Siku kumi jamani. Sasa mimi nilikuwa nimekaa tangu Krismasi. Kwa hiyo ile "kaa mzee" yenu, japo inatoka moyoni naelewa, inatumaliza.

Sasa mkifika, kabla hamjashusha vitu kwenye buti, mwangalieni mzazi anavyotembea. Mkalisheni kwenye kiti cha kawaida, pimeni mita 3 kutoka hapo, ainuke, aende, ageuke, arudi, akae, mwendo wake wa kila siku sio wa mashindano, na wewe hesabu kwenye simu. Zikifika sekunde 12 au zaidi ujue kuanguka kunamnyemelea, mpelekeni akaangaliwe. Na mwongeleshe akiwa anatembea. Huko Sweden mwaka 1997 waliwafuatilia wazee 58 wanaotunzwa kwenye makao, 12 walikuwa lazima wasimame ndo waweze kuongea, na ndani ya miezi 6 kumi kati ya hao 12 wakawa wameanguka. Kwa hiyo baba akisimama kila anapokujibu usidhani anakupa heshima.

Na msiseme tu ni uzee. Anaburuza, hatua fupi fupi, mkono mmoja haurushi, huo unaweza kuwa Parkinson, ugonjwa wa ubongo, na dawa zake zipo. Hapo wilaya ya Hai tu watafiti walipita nyumba kwa nyumba, majibu yakachapishwa 2008, wengi waliokutwa nao walikuwa hawajawahi kuambiwa na mtu kwamba wanaumwa. Wengine ni sukari imeua hisia za nyayo, mtu anakanyaga kama yuko kwenye sponji, wengine vidonge vya presha, akiinuka ghafla dunia inazunguka.

Fimbo nayo. Bibi yenu aliletewa fimbo ya kuchonga, nzuri ya kupigia picha, ndefu mpaka bega linapanda. Fimbo inapimwa mtu amesimama, amevaa viatu, mikono ameiachia, kichwa cha fimbo kiishie pale kwenye mkunjo wa kiganja unapovaliwa saa. Mguu mbovu ukiwa wa kulia fimbo inashikwa kushoto, najua akili inakataa, mi mwenyewe nilibisha mpaka nikajaribu. Kupanda mguu mzima unatangulia, kushuka unatangulia mbovu pamoja na fimbo, na huku kwetu kila njia ni kupanda ama kushuka, masika ikianza ndo usiseme. Wanaoona aibu nawashangaa, wazungu wa miaka 30 nimewapandisha mlimani na fimbo mbili mbili na picha wanapiga.

Halafu mkitusindikiza msitukamate kwapani kama mmemkamata mwizi, mpe mzee kiwiko akushike yeye.

Mkitaka kuleta kitu leteni kiti kigumu chenye mikono, kirefu kidogo, raba zinazofunika kisigino maana kandambili kwenye marumaru mlizotuwekea ni kifo, na fundi wa kuweka bomba la kushikia chooni, hapo mtakuwa mmetusaidia. Mi sasa hivi naenda kukata majani mwenyewe, nusu mzigo, na nainuka kitini mara kumi asubuhi mara kumi jioni bila kushika kitu, bibi yenu ananicheka.

Kochi bado lipo, analalia paka. Mwenye nafasi kwenye gari akigeuka alibebe arudi nalo Dar.