Soko la mtandaoni likague tangazo kabla halijapanda

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Mwezi uliopita mdogo wangu alituma laki tatu na nusu kwa ajili ya simu aliyoiona kwenye soko moja la mtandaoni, muuzaji akamwambia mzigo uko Kariakoo unapakiwa, baada ya hapo namba haipatikani tena. Nilivyoingia kuangalia nikakuta picha ileile, na lile pazia la maua nyuma, iko kwenye matangazo mengine matatu yenye majina tofauti, na yote yameshapitishwa!

Sasa anayepitisha anaangalia nini? Laini zetu tumesajili kwa alama za vidole na namba ya NIDA, kwa nini muuzaji wa simu asithibitishwe hivyohivyo kabla ya tangazo kupanda, halafu apige picha ya IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe, zile tarakimu 15 zinazotokea ukibonyeza *#06#, wahusika waikague wao, isiachwe hadharani. Lakini jamani wasicheleweshe, dada yangu anauza vitenge na tangazo lake lilikaa siku tisa bila jibu. Likikataliwa, waandike sababu arekebishe.

Msomaji wenu, Mbagala