Ile miksa uliyoniachia

Swahiba wangu,

Salamu nyingi, zangu na za wote wa hapa nyumbani wanaokuulizia kila nikikutaja. Natumaini hujambo, na kwamba kazi mpya haijakunyima muda wa kushika gita.

Nakuandikia kwa sababu juzi usiku nilisikia kitu ambacho sijakisikia tangu uhame: ukimya wa ile miksa yetu ya kuchanganyia sauti za maiki na ala. Nasema ule ukimya wenye uhai, feda zote (vile vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti) zimepandishwa, hedifoni ziko masikioni, na kinachosikika ni kama pumzi ya mtu aliyelala chumba cha pili. Mvumo hakuna, wala mikwaruzo. Nilikaa nayo hivyohivyo bila kupitisha muziki wowote, mpaka nikashtuka kwamba usiku umekwenda.

Siku unaniachia uliniambia imekufa, na kwamba ikinibania nafasi niitupe. Haikuwa imekufa, ndugu yangu. Ilikuwa na maradhi matatu au manne, kila moja na sababu yake, na yote yakilia kwa wakati mmoja ndiyo maana wewe na mimi tukasikia kilio kimoja tu.

Sikuichomeka moja kwa moja. Mashine iliyolala miaka haishtuliwi kwa umeme wote kwa mkupuo. Nilifungua mfuniko, nikapiga picha kila pembe kabla ya kuchomoa waya hata mmoja, kisha nikatumia ile mbinu ya zamani ya balbu. Unaunganisha balbu ya nyuzi, ya wati 60 hivi (ya LED haifai), kwenye njia ya waya wa moto, ili umeme upite kwenye balbu kwanza ndipo uingie kwenye transfoma. Ndani kukiwa na shoti, balbu inawaka kwa nguvu zake zote na mashine inapona. Kukiwa salama, inamulika mara moja wakati kapasita, vile vihifadhi chaji, zikijaa, halafu inafifia. Yetu ilimulika, ikafifia. Hapo ndipo nilipopata moyo wa kuendelea.

Nilishusha kila feda, hadi ile kuu, na mvumo ukabaki palepale. Hilo lilinitoa kwenye chaneli na kunipeleka kwenye sehemu ya umeme. Nikafungua programu ya simu inayochora masafa ya sauti, nikaiweka karibu na spika, na mlima mrefu kuliko yote ukasimama kwenye hezi 100. Namba hiyo ina maana yake. Umeme wa ukutani ukiwa wa hezi 50, mvumo wa hezi 50 mara nyingi unatoka nje: waya uliopita karibu na transfoma, au njia mbili za athi zinazozungukana. Lakini daraja la dayodi, vile vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, linakunja mawimbi na kuyafanya mara mbili, kwa hiyo hezi 100 inakuelekeza kwenye kapasita kubwa zinazopaswa kulainisha umeme baada ya daraja hilo. (Penye umeme wa hezi 60, tafuta 120.) Mita ikakubaliana: upande chanya ulisimama kwenye volti 15 na nukta moja, upande hasi ulikuwa 11 na unayumba. Kapasita yake ya mikrofaradi 2200 ilikuwa imekauka. Maji yake ya ndani huisha polepole, na joto ndilo linaloyaharakisha; kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 za joto zikiongezeka, umri wake unakatika nusu. Na iliwekwa ubavuni mwa bati linalopozea regyuleta, kile kifaa kinachoshikilia volti zisiyumbe! Nimeweka mpya mbili zinazohimili joto la nyuzi 105, nazo nimezisogeza kidogo.

Unakumbuka kuna mtu alitushauri tukate waya wa athi kwenye plagi ili mvumo uishe? Nafurahi hatukumsikiliza. Bati lote la miksa linategemea waya huo. Transfoma ikivuja siku moja, wewe uliyeshika maiki ndiye ungegeuka kuwa waya wa athi.

Kuna jambo moja lilinisimamisha moyo. Regyuleta ya upande chanya, 7815, mgongo wake wa chuma umeungana na athi. Ya upande hasi, 7915, inafanana nayo kama pacha, lakini mpangilio wa miguu yake ni mwingine, na mgongo wake umeungana na umeme hasi unaoingia. Ndiyo maana inawekewa kipande chembamba cha maika, kisichopitisha umeme, kati yake na bati. Nilipoirudisha, kabla ya kuwasha nikapima kati ya mgongo wake na bati: karibu sifuri. Maika ilikuwa na ufa. Ningewasha bila kupima, kazi ya siku mbili ingeishia kwenye harufu ya kuungua. Sasa napima kabla ya kila kuwasha, hata nikiwa na uhakika.

Sasa chaneli ya 7, chaneli yako. Ile mikwaruzo iliyokuwa ikikukatiza kila ukisogeza feda katikati ya wimbo, mpaka ukawa unaimba bila kuthubutu kuigusa. Sote tuliilaumu feda. Nami nikaanza hapohapo: nikaitoa, nikasafisha njia yake ya kaboni kwa dawa ya kusafishia feda, nikairudisha, ikawa laini kama mpya. Siku ya tatu mikwaruzo ikarudi.

Nikaketi nikatafakari. Feda ni njia ya rizista, yaani inayozuia umeme kiasi, na kidole kinachotelezea juu yake. Ikipita sauti peke yake, kidole kinateleza kimya hata njia ikiwa na uchakavu kidogo. Ila ukiwapo umeme wa moja kwa moja, usiopanda wala kushuka, kila kidole kinaporuka chembe ya vumbi umeme huo unakatika na kurudi, na kila mkatiko ni mkwaruzo. Nikapima kwenye feda bila sauti yoyote kupita. Panapotakiwa sifuri palikuwa na volti 1.8. Mlango uliotakiwa kuuzuia umeme huo ni kapasita ndogo ya mikrofaradi 10 iliyo kabla ya feda, nayo ilikuwa inavuja. Miaka yote ile, swahiba, feda ilikuwa inasingiziwa! Nimebadilisha kapasita hiyo, sifuri ikarudi, na leo naisogeza ya 7 juu na chini bila kusikia kitu.

Tangu hapo nimeacha kabisa ile tabia ya kubadilisha kila kitu kwa wakati mmoja. Wapo wanaong'oa kapasita zote siku ya kwanza. Siwalaumu, lakini bodi zetu ni za zile za kahawia za zamani, na shaba yake inabanduka upesi ukiipa joto la ziada. Kwenye chaneli ya 2 nilikaza chuma cha kulehemia sekunde chache zaidi ya inavyopasa, na kipande cha shaba kikaja nacho. Niliunganisha kwa mguu wa rizista uliobaki, inafanya kazi, lakini inaniuma kila nikiliona kovu lile. Kwa hiyo napima kwanza, nabadilisha kilichougua, nasikiliza, ndipo naenda chaneli inayofuata.

Chaneli ya 3 ilikuwa rahisi. Sauti ilitoka imeungua, na mita ikaonyesha mguu wa kutokea wa IC moja (kipande kidogo kinachokuza sauti), TL072, umeganda kwenye volti 13 badala ya kukaa karibu na sifuri. Nimeweka mpya ya aina ileile. Najua utaniuliza kwa nini sikuweka NE5532, ambayo miguu yake inaingia palepale na kelele zake ni kidogo. Sababu ni kwamba inakunywa umeme takriban mara tatu ya TL072. Moja haina neno, lakini nikianza nitataka zote, na transfoma hii haikutengenezwa kwa mzigo huo. Halafu, nakiri, nataka ilie vile ilivyokuwa ikilia tulipokuwa nayo.

Chaneli mbili zilizokuwa zikipotea na kurudi ukigonga meza hazikuhitaji kitu: nilichomoa ule utepe wa nyaya unaoziunganisha na sehemu kuu, nikasafisha pini kwa alkoholi, nikarudisha.

Mwisho nilipitisha mlio wa hezi 1000 kwenye kila chaneli, volti 0.775, nikalinganisha zinavyotoka. Zote 12 zinakaribiana sana, isipokuwa ya 11 iliyo chini kidogo, bado naitafuta. Mshale wa mita ya kulia unatembea vizuri ila taa yake imeungua. Volti 48 zinazolisha maiki nimezipima pia, zimefika kwenye pini zote mbili za kila chaneli sawasawa. Basi unaweza kuja na ile maiki yako nzuri bila wasiwasi.

Utepe mweupe uliobandika chini ya feda sikuubandua. Wino umepauka, lakini mwandiko wako unasomeka: gita, besi, ngoma ya chini, ngoma ya juu, na kwenye ya 7 jina lako lenyewe. Nimeusafisha pembeni tu kwa pamba, nikazunguka kila herufi. Kwenye ya 9 zimebaki herufi mbili, "ki", na nyingine zimefutika. Nimekaa nikikumbuka ni nani alikuwa akipitia hapo. Kinanda? Kinubi cha yule mgeni aliyekuja mara moja tu? Kitu gani? Niandikie unijulishe, nami nitaijaza kwa kalamu hafifu, chini ya mwandiko wako.

Ni mimi, swahiba wako