Walimu, wageuzeni watoto walione jumba la ushirika

Mhariri,

Majuzi nilikuwa nimeketi katika Bustani ya Kumbukumbu ya Agosti 7, pale jijini Nairobi barabara za Moi na Haile Selassie zinapokutana, wanafunzi wa shule ya msingi wakaingia na mwalimu wao. Walisomewa majina ya waliouawa na bomu la 1998 yaliyo ukutani, wakanyamaza kidogo, kisha wakapanga foleni watoke. Msichana mmoja akaelekeza kidole juu akauliza lile jumba refu ni la nani. Mwalimu akamjibu, "Ni benki tu." Wakaenda zao.

Hiyo "tu" iliniuma. Co-operative House ni jumba la benki iliyoanzishwa na vyama vya ushirika miaka ya 1960, ikapewa leseni mwaka 1968. Wenye vyama hivyo walikuwa wakulima wa kahawa, maziwa na pareto. Marehemu baba alikuwa miongoni mwao. Alibeba magunia ya kahawa mgongoni hadi kiwandani, na kila tulipopita hapo mjini alisimama, akazihesabu orofa zile zaidi ya 20 kwa kidole, akasema, "Pale juu na mimi nina tofali langu."

Halafu ikaja Ijumaa ile ya Agosti 7, 1998. Saa nne na nusu asubuhi ilikuwa imepita kidogo. Lori lenye bomu liliingia nyuma ya ubalozi wa Marekani, upande uliopakana na benki, na mlinzi akakataa kulifungulia kizuizi. Kukasikika mlipuko wa gruneti. Watu walioko maofisini wakafanya ambalo mimi nawe tungefanya: wakakimbilia madirishani kuona kuna nini. Bomu lenyewe likawakuta hapo, nyuso zao zimegusa vioo. Ndiyo maana siku hiyo iliwaacha Wakenya wengi bila macho. Jambo hili watoto wetu hawaambiwi, nalo ndilo linalowafaa zaidi, maana wao pia wakisikia mshindo hukimbilia dirishani.

Ufundi House, jengo la jirani, iliporomoka yote. Watu 213 walifariki hapa Nairobi, 12 kati yao Wamarekani, na maelfu wakajeruhiwa. Jumba la ushirika lilibaki wima, madirisha yote wazi, mapazia yakining'inia nje. Lilikarabatiwa, na mwaka 2002 benki ikarudi ndani. Ubalozi haukurudi. Uwanja wake ndio bustani tunayopumzikia leo.

Kwa hiyo, walimu wetu, mnapowaleta watoto bustanini, mkimaliza kusoma majina msiondoke mara moja. Wageuzeni walitazame jumba lile. Waambieni lilijengwa kwa jasho la nani, na waonyesheni madirisha yale. Ni dakika tano tu, na kiingilio mmeshalipa.

Mtoto wa mkulima wa kahawa,
Kiambu